Udongo Wako Unakula Nini?

(Hotuba kwa mkutano wa vikundi vya wakulima wa mboga wa milima ya Uluguru, uliofanyika Morogoro mjini mwezi Septemba, kabla ya mvua za vuli. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.)

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa vikundi, maafisa ugani, wanafunzi wetu kutoka Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, SUA, na zaidi ya wote ninyi mlioteremka milimani alfajiri, wengine mkiwa mmekalia magunia ya kabichi: itifaki imezingatiwa. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, nawasalimu. Akina mama, poleni na vumbi la njiani.

Nimeombwa nizungumzie nafasi ya kilimo hai, yaani kulisha udongo na kupambana na wadudu bila mbolea na dawa za viwandani, katika kilimo endelevu. Mada hiyo ni kubwa kuliko saa moja niliyopewa, kwa hiyo nitaibana ndani ya swali moja. Udongo wako unakula nini?

Sijauliza unavuna nini. Sijauliza dalali anakupa bei gani. Nimeuliza udongo unakula nini, na nina sababu. Tangu nistaafu kazi ya ubibi shamba, watu wananisimamisha njiani na kuniambia kwa fahari, "Mama, siku hizi mimi ni mtu wa kilimo hai. Sinunui mbolea, sinunui dawa." Namuuliza, kwa nini hununui? Ananijibu, "Hela sina." (Kicheko.)

Mnacheka, lakini jambo lenyewe ndilo hilo. Mtu aliyeacha mbolea ya dukani bila kuupa udongo kitu kingine chochote hajaingia kwenye kilimo hai. Ameishiwa tu. Kila gunia linalotoka shambani kwake linaondoka na rutuba, na hakuna kinachorudi. Miaka michache shamba litamvumilia, kisha litachoka, naye atapanda juu zaidi afyeke kipande cha msitu, na kipande hicho nacho kitachoka. Huko si kulima, ni kuhama polepole. Na milima yetu, ndugu zangu, haina tena mahali pa kuhamia. Ukivuka mpaka wa hifadhi umeingia kwenye chanzo cha maji ya Mto Ruvu, na maji hayo ndiyo wanayokunywa watu wa Dar es Salaam.

Nianze na habari ya hapa hapa kwetu. Wazee wanaijua, vijana wengi hawaijui.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliitazama Uluguru ikaona udongo unashuka na maji kila masika. Hapo haikukosea. Miteremko ililimwa kwa moto na jembe, na mvua za huku tunazijua. Wakaleta mpango, ukajulikana kwa herufi zake za Kiingereza: ULUS, yaani mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Watu wachimbe matuta ya ngazi. Asiyechimba apigwe faini. Mjadala haukuwepo.

Watu wakachimba. Kikatokea nini? Ukichonga ngazi kwenye mlima wenye udongo mwembamba, unaufukia ule mweusi wa juu na kuuanika ule mwekundu wa chini. Mwekundu ule una nini? Hauna kitu. Mtu amechimba mpaka mgongo umekataa kunyooka, halafu anavuna pungufu ya jirani yake ambaye hakuchimba. Utamwambia nini mtu huyo? Utamwambia asubiri wajukuu zake wafaidi?

Wakakataa. Mwaka 1955, pale Matombo, umati ukakabiliana na polisi, risasi zikapigwa, mtu mmoja akafa. Mpango wenyewe haukupona. TANU, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa na mwaka mmoja, ikapata wanachama wengi milimani kwa sababu ya matuta. Wengine walidai uhuru kwa ajili ya mambo makubwa makubwa. Babu zetu huku walikuwa pia wanamkataa mtu aliyewaharibia shamba akidai analiokoa.

Sasa twendeni Ruvuma, wilaya ya Mbinga, kwa Wamatengo. Milima yao ni mikali kama yetu. Wao wanalima ngoro. Wangapi hapa wamewahi kuiona ngoro kwa macho? Nyoosheni mikono. Wachache sana. Basi nisikilizeni, maana hili ni somo kubwa kuliko vitabu nilivyopewa chuoni.

Mvua zikielekea mwisho, wanaume wanafyeka nyasi ndefu na kuzilaza chini kwa mistari. Kisha wanalaza mistari mingine inayoikatisha ile ya kwanza, mteremko mzima unabaki na miraba. Wanawake wanachimba katikati ya kila mraba, na udongo wanaochimba wanautupa juu ya nyasi. Kazi ikiisha, kila mraba una shimo katikati na kingo pande nne, na ndani ya kila ukingo kuna nyasi zilizozikwa zinaoza taratibu. Maharage yanapandwa kwenye kingo, baadaye yanafuata mahindi. Mvua ikishuka kwa nguvu, maji yanaingia shimoni, yanatulia, yanazama ardhini. Tope lililobebwa na maji linabaki humo humo. Wakija kulima upya, palipokuwa na ukingo panachimbwa shimo, shimo linageuka ukingo. Wamatengo wamefanya hivyo tangu kabla ya Mjerumani kufika, na hakuna aliyewatoza faini ili wafanye.

Tazameni tofauti. Tuta la ULUS liliuzuia udongo usikimbie, likauacha na njaa. Ngoro inauzuia na kuulisha kwa jembe lile lile, msimu ule ule. Ndiyo maana moja ilikufa kwa risasi na nyingine ipo mpaka leo. Watu hawaachi kitu kinachowalisha.

Na historia ina vichekesho vyake. Miaka kama 50 baada ya Matombo, mashirika ya CARE na WWF yalikwenda upande wa Kibungo, milima ile ile, yakawashawishi wakulima wachimbe matuta na kupanda miti na nyasi, safari hii kwa malipo. Shirika la maji la Dar es Salaam na kampuni ya Coca-Cola Kwanza wakachangia fedha, kwa sababu tope likipungua mtoni gharama ya kusafisha maji nayo inapungua. Tuta ni lile lile. Hakuna aliyerusha jiwe. Wanaotunga sera, na naona wawili watatu wamekaa mstari wa mbele, naomba wayapime mambo hayo mawili kabla hawajaandika neno "lazima" kwenye waraka wowote.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Kilimo hai bila hesabu kinageuka mahubiri, na mahubiri tunayasikia Ijumaa na Jumapili.

Mfuko mmoja wa urea una kilo 50. Ndani yake nitrojeni ni asilimia 46, yaani kilo 23. Kilo hizo 23 zimetengenezwa kiwandani kwa gesi asilia, zikavuka bahari, zikapanda lori, zikapanda pikipiki mpaka Nyandira, huko Mgeta milimani. Ndiyo maana mwaka 2022, vita ilipoanza kule Ukraine, mkulima wa Mgeta aliisikia kwenye duka la pembejeo, na serikali ikalazimika kuleta ruzuku ya mbolea msimu wa 2022/23. Mkulima wa Mgeta ana ugomvi gani na Urusi? Hana. Lakini kabichi yake ilikuwa imefungwa kamba kwenye bei ya gesi ya watu wasiomjua.

Je, samadi inaweza kushika nafasi ya mfuko ule? Inaweza, ila tusidanganyane kuhusu uzito wake. Samadi kavu iliyotunzwa vizuri ina nitrojeni ya asilimia moja hivi. Kupata kilo 23 unahitaji zaidi ya tani mbili. Tani mbili! Na si nitrojeni yote itakayotoka msimu wa kwanza, nyingine inasubiri. Samadi iliyokaa juani na kunyeshewa miezi sita ndiyo imeshapoteza nguvu kabisa, nyeupe, nyepesi, unabeba mzigo wa bure. Kwa hiyo, anayewaambia mna mbuzi watatu na ekari tatu za mahindi, basi samadi inatosha, huyo hajawahi kubeba ndoo ya samadi mlimani.

Samadi peke yake inatosha wapi? Kwenye mboga, kwenye kipande kidogo kinachotoa hela nyingi. Na hapo watu wa Mgeta mna bahati ambayo wengine hawana. Mwishoni mwa miaka ya 1980 SUA walileta mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway milimani kwenu. Watu waliwapokea kwa ajili ya maziwa. Leo ukimuuliza mama mwenye mbuzi hao kitu gani hawezi kukiacha, wengi watakutajia kwanza kile kinachodondoka chini ya banda. Mbuzi anakula nyasi za kingo za matuta, banda limeinuliwa kwa mbao, kinyesi na mkojo vinaanguka kwenye matandazo chini, kila baada ya wiki chache vinazolewa kwenda kwenye lundo la mboji. Udongo wa mama huyo unakula nini? Unakula kila siku.

Na samadi nyingine ipo tambarare, imelala bila kazi. Nendeni Mvomero mkaone maboma ya wafugaji: vilima vya samadi ya miaka. Wakati huo huo mkoa huu unajulikana nchi nzima kwa ugomvi wa wakulima na wafugaji. Tumezika watu kwa ajili ya ugomvi huo, sitaki kuuzungumza kirahisi. Lakini hapa Morogoro taasisi ya Sustainable Agriculture Tanzania, wale wenye kituo cha mafunzo pale Vianzi, wamewakalisha pamoja mkulima na mfugaji: mmoja ana mabua na majani ya mikunde baada ya mavuno, mwenzake ana samadi. Wabadilishane. Mfugaji anapata malisho ya kiangazi bila kuingiza ng'ombe shambani usiku, mkulima anapata samadi. Haimalizi ugomvi wote. Lakini ni vigumu kumkata mapanga mtu ambaye wiki ijayo anakuletea kiroba cha samadi.

Kwenye mahindi, jibu kubwa ni mikunde. Hewa tunayovuta sasa hivi humu ukumbini, karibu asilimia 78 ni nitrojeni. Ipo bure, tatizo ni nani wa kuishusha ardhini. Mbaazi, kunde, fiwi, maharage, marejea: hao wote wanaishi na bakteria kwenye mizizi yao, na bakteria hao ndio wanaoifanya kazi ambayo kiwanda kinaifanya kwa gesi. Msiniamini mimi. Ng'oeni mmea wa kunde unapoanza kutoa maua, taratibu, usikate mizizi. Mtaona vinundu. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu kama nyama ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, kimelala au kimechoka, na hapo pengine udongo wako una asidi kupita kiasi au umekosa fosforasi.

Wale wa Ruvuma wanaijua marejea vizuri. Wabenediktini wa Peramiho waliisambaza sana. Unapanda, inafunika ardhi, inayanyima mwanga magugu, ikianza kutoa maua unailaza ndani ya udongo. Wengi hawaili. Ndiyo sababu wengi wanaikwepa: nani anataka kupanda kitu asichokila? Hoja hiyo naielewa. Asiyetaka marejea apande mbaazi ndani ya mahindi. Italiwa na yeye, itaangusha majani kwa ajili ya udongo, na mizizi yake inakwenda chini kuliko ya mahindi.

Hewani fosforasi haipo. Mikunde haiwezi kuileta, na samadi inakuwa nayo kidogo kama nyasi zilitoka kwenye udongo usiokuwa nayo. Kilimo hai kinaruhusu unga wa mwamba, na Mungu ametuwekea mwamba huo nchini mwetu: Minjingu, wilaya ya Babati, mabaki ya ndege wa ziwani wa zama za kale. Unga ghafi wa Minjingu unafanya kazi vizuri zaidi kwenye udongo wenye asidi, na udongo mwingi wa Uluguru ndivyo ulivyo. Changanyeni kwenye lundo la mboji. Anayesema kilimo hai hakinunui kitu dukani anawapotosha.

Ngoja ninywe maji, nije kwenye dawa.

Mwaka 2014 nchi yetu ilipata mgeni, yule mdudu wa nyanya mnayemwita kantangaze. Mwaka 2017 akaja kiwavijeshi vamizi kwenye mahindi. Tangu hapo naona jambo linanitisha. Kijana anachukua bomba, anachanganya dawa mbili, tatu, wengine nne, pamoja na dawa ya ukungu, anapiga kila baada ya siku chache bila kinga, shati wazi. Namuuliza kwa nini nne? "Moja haiui, Mama." Kweli haiui. Haiui kwa sababu amepiga hiyo hiyo mpaka mdudu ameizoea, na waliobaki hai ndio waliozaa. Akiongeza ya tano, wataizoea ya tano. Rangi ya chini ya lebo, inayoonyesha ukali wa sumu, haangalii. Nyekundu na kijani kwake ni mapambo. Siku za kusubiri kabla ya kuvuna hazihesabu, kwa sababu gari la soko la Mawenzi linaondoka kesho. Nani anakula nyanya ile? Mwenye bomba anacho kijaruba chake cha pembeni asichopiga dawa, cha kula nyumbani. Mnajua ninachosema. Mnanyamaza, lakini mnajua.

Njia nyingine ipo? Nendeni Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria. Pale kituo cha utafiti wa wadudu, icipe, Dkt. Zeyaur Khan na wenzake, wakishirikiana na kituo cha utafiti cha Rothamsted cha Uingereza, waliwasoma wadudu badala ya kuwatafutia sumu tu. Walitaka kujua nondo wa bungua wa mabua, yule ambaye funza wake hutoboa mabua ya mahindi, anapenda harufu gani na anachukia ipi. Wakapanda desmodiamu katikati ya mahindi, harufu yake inamfukuza nondo. Pembeni mwa shamba wakapanda matete, harufu yake inamvuta. Anataga huko, na funza wengi wanaoanguliwa humo hawafiki ukubwani. Njia hiyo inaitwa vuta sukuma. Halafu wakagundua kitu ambacho hawakukitafuta: kiduha, yule gugu wa maua ya zambarau anayenyonya mahindi, alikuwa anatoweka penye desmodiamu. Mizizi ya desmodiamu inatoa kemikali zinazomuamsha kiduha kisha zinamzuia asijishike kwenye mhindi. Juu ya hayo desmodiamu ni mkunde, inashusha nitrojeni. Na desmodiamu na matete yote ni chakula cha ng'ombe. Sasa hesabuni: mmea mmoja umefukuza mdudu, umeua gugu, umelisha udongo, umelisha ng'ombe, na ng'ombe ametoa samadi. Dawa gani ya chupa inafanya mambo matano?

Niweke tahadhari hapa, hasa kwa vijana wanaofundishana kwenye simu. Dawa ya asili si lazima iwe salama. Utupa unaua wadudu, ndiyo, na babu zetu waliutumia kuvulia samaki. Ukisafishia bomba la utupa mtoni, samaki watakuonyesha kama "asili" maana yake ni upole. Maji ya tumbaku nayo ni sumu kwa anayeyachemsha. Mwarobaini ni mpole zaidi, majivu yanasaidia kwa sehemu yake, lakini glavu na barakoa ni vilevile. Kilimo hai cha kweli kinaanza kwa kubadilisha mazao, kuchanganya mazao, kuondoa mabaki yenye ugonjwa, kuwaachia wadudu marafiki mahali pa kuishi. Kupiga, hata kama ni mwarobaini, ni hatua ya mwisho.

Je, kilimo hai kinaweza kulisha nchi? Swali hilo lilikuwa la kwanza kwenye orodha mliyoniletea, na nitalijibu kwa ukweli ninaoujua.

Mwaka 2021 Rais wa Sri Lanka, Gotabaya Rajapaksa, alipiga marufuku kuingiza mbolea za viwandani. Nchi nzima, kwa ghafla, katikati ya mwaka. Mboji ya kutosha haikuwepo. Maafisa ugani hawakuwa wameandaliwa. Kufika Novemba mwaka huo huo marufuku imelegezwa, lakini mpunga ulikuwa umeshaanguka, chai imeathirika, nchi iliyojitosheleza kwa mchele ikawa inaagiza mchele kutoka nje. Wapinzani wa kilimo hai wanaipenda sana habari hii, na wana haki ya kuisimulia. Mimi nikiisikia naiona Matombo. Amri imekuja, chakula cha udongo hakijaja.

Na tafiti zilizokusanya matokeo ya dunia nzima zinaonyesha kwamba kwa wastani mavuno ya kilimo hai ni pungufu kwa kama asilimia 20. Tusiwafiche watu. Lakini wastani huo unalinganishwa na mkulima wa namna gani? Mara nyingi ni mkulima wa nchi tajiri, mwenye mbolea tele. Kwa Afrika Mashariki, tazameni majaribio yaliyoanza mwaka 2007 huko Kenya, Thika na Chuka. Mashamba ya kilimo hai yaliyolishwa vizuri yalitoa mahindi yanayokaribiana na yale ya mbolea za viwandani, na kwa bei ya soko la kilimo hai faida yake ikaanza kuzidi kuanzia mwaka wa tano hivi. Mwaka wa tano! Mtu anayedaiwa ada ya shule Januari atafikaje mwaka wa tano? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, ndiyo maana nasema usigeuze shamba lote kwa mara moja. Na viazi mviringo vilisumbua, na hapa kwetu ukungu wa viazi bado ni mtihani; hata dawa ya shaba inayoruhusiwa ina mpaka wa kiasi. Naona mtu amenyoosha mkono pale nyuma nilipotaja viazi. Subiri kidogo, baba, nitakurudia.

La mwisho kwangu ni soko, kwa sababu udongo haulipi ada.

Mwaka 2017, mwezi wa Agosti, India iliweka kikomo cha mbaazi inazoagiza kutoka nje. Mbaazi zetu nyingi zilikuwa zinakwenda huko. Bei ikaporomoka, watu wa Manyara na Mtwara wakabaki na magunia yasiyo na mnunuzi. Msimu uliofuata wengi hawakupanda mbaazi. Nani aliyeumia? Mkulima, naam. Lakini na udongo pia uliumia, maana ule mkunde uliokuwa unaulisha uliondoka shambani kwa uamuzi uliofanyika Delhi. Hivyo, ndugu zangu, sizungumzii soko kama jambo la pembeni. Mmea unaolisha udongo lazima umlishe na mwenye udongo, la sivyo utang'olewa. Na tule mbaazi wenyewe! Mbaazi za nazi na mandazi, Dar es Salaam wanaamkia chakula hicho, sisi tunakiita cha wageni.

Tangu 2007 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mazao ya kilimo hai, na ipo alama ya Kilimohai, ambayo hapa nchini inasimamiwa na TOAM, chombo cha wadau wa kilimo hai Tanzania. Kwa soko la ndani si lazima mumlipe mkaguzi wa kutoka Ulaya. Upo utaratibu wa wakulima kukaguana wenyewe kwa wenyewe: kikundi kinaweka kanuni, wanachama wanatembeleana mashambani, wanaandika, wanakubali au wanakataa. Mnajua ugumu wake uko wapi? Uko kwenye kumwandikia shemeji yako kwamba umekuta chupa ya dawa nyuma ya banda lake. Kikundi kisichoweza kuandika hivyo hakina alama, kina urembo wa karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sifa ya kikundi ni mali.

Wanaotamani kuuza Ulaya, viungo kwa mfano, wajue kwamba huko hawakubali kukaguana wenyewe. Wanataka mkaguzi wa nje, na kanuni zao mpya zinataka kikundi kiwe na usajili wake chenyewe na kisizidi wanachama 2,000. Ni mlima mwingine. Binafsi ningeanza na hoteli za Morogoro na kinamama wa Dar es Salaam wanaoagiza kwa simu.

Serikali nayo imetoa mkakati wa taifa wa kilimo ikolojia hai, wa 2023 hadi 2030. Nimeusoma. Una mambo mazuri. Fedha ndiyo tutakayoiangalia, pamoja na idadi ya maafisa ugani wanaojua kugeuza lundo la mboji kwa mikono yao.

Vuli iko mlangoni. Ninachowaomba ni kidogo. Kila mmoja achague robo ekari, ile iliyo karibu na banda, ailishe kuanzia wiki hii. Lundo la mboji lianze sasa: tabaka la makavu, tabaka la mabichi, samadi, unga wa Minjingu kidogo, maji. Chomekeni fimbo katikati. Baada ya siku chache ichomoeni na kuishika. Ikiwa ya moto, lundo liko hai. Ikiwa baridi, limekosa maji au mabichi, lipindueni, mwongeze. Baada ya miezi miwili mitatu mna chakula cha udongo. Robo ekari hiyo muiandikie daftari lake: kilichoingia, kilichotoka, saa za kazi, bei. Tukikutana baada ya masika nataka madaftari mezani, yenye hasara na yenye faida yote.

Kwenye meza ya nyuma kuna mbegu za marejea na fiwi, kilo mbili kwa kila kikundi. Haziuzwi. Ni mkopo: mtarudisha kilo nne, mtawapa kikundi cha kijiji jirani, si mimi. Katibu anaandika majina. Mwenyekiti, chukua kipaza sauti, na baba wa viazi aanze yeye.